Hanauma Bay: kabla hujachagua siku, angalia mwezi

Safari ya Hawaii imeiva, na kitu cha kwanza kukaa kwenye ratiba sio hoteli wala ufukwe wa Waikiki, ni Hanauma Bay, pa kuogelea ukitazama samaki. Ipo mashariki mwa kisiwa cha Oahu, zamani ilikuwa kreta ya volkano, ukuta wa upande mmoja ukabomoka bahari ikaingia ndani, basi ikawa ghuba. Tangu 1967 ni hifadhi, yaani huvui, huokoti hata kombe.

Sasa kuna watu wanadhani unaamka tu, unabeba taulo, unaenda. Wapi! Jumatatu na Jumanne wanafunga kabisa, ghuba ipumzike. Siku zilizobaki tiketi zinafunguliwa mtandaoni siku 2 kabla, saa moja kamili asubuhi ya Hawaii, na zinaisha fasta mno, kwa hiyo kama bado uko Afrika Mashariki kaa na simu saa mbili usiku siku hiyohiyo, maana tumewatangulia masaa 13. Mgeni dola 25, mtoto wa miaka 12 kushuka chini bure. Na parking ni ndogo, ikijaa unageuza gari unarudi ulikotoka.

Lakini mimi kinachonifanya nikae na kalenda sio tiketi, ni mwezi. Kuna yavuyavu fulani hivi wenye umbo la kasha na mikia mirefu yenye sumu, wanasogea ufukweni siku kama ya 8 hadi ya 10 baada ya mwezi mpevu, kila mwezi, na wakiwa wengi ghuba inaweza kufungwa hata kama unayo tiketi mkononi. Hii ukiwauliza waliokwenda wengi hawakwambii kwa sababu walibahatika tu. Basi mimi nimetafuta mwezi mpevu wa mwezi wa safari yetu, nikahesabu siku, zile 3 nikazikata kwa kalamu nyekundu, ndo nikaanza kutafuta hoteli.

Siku niliyoilenga ni Jumatano, asubuhi kabisa. Sababu ni hizo siku mbili za kufungwa, hakuna miguu ya watu kutimua mchanga, na asubuhi upepo nao unakuwa haujashika kasi. Kwamba watu ndo wanachafua maji sio siri, 2020 walipofunga kwa miezi kadhaa ajili ya korona maji yalizidi kuwa meupe, watafiti walipima wakaona. Na miaka ya 80 huko ndo usiseme, wageni walifika karibu milioni 3 kwa mwaka, wengine wanawamwagia samaki mikate na njegere! Siku hizi kulisha samaki ni marufuku, na kabla ya kushuka ufukweni lazima ukae uangalie video ya dakika kama 9 ya mambo ya kufanya na kutofanya. Wengine wanalalamika eti inawachelewesha, mi naona sawa tu, kwani dakika 9 ni nini.

Kubwa kwenye hiyo video ni usikanyage matumbawe. Yanaonekana mawe lakini yana uhai, ukichoka tafuta sehemu ya mchanga ndo usimame. Kasa muachie kama mita 3, sili mita 15. Mimi lakini hamu yangu yote iko kwa pono, wale samaki wenye mdomo kama wa kasuku, wanakwangua mwani kwenye matumbawe mpaka kichwa kikiwa majini unasikia kru kru kru, halafu wanachokunya ni mchanga, mchanga mweupe mweupe ule unaoupigia picha. Haya kalale juu yake sasa hahaha.

Mafuta ya jua usibebe ya aina yoyote tu, Hawaii toka 2021 imekataza kuuza yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati ili kulinda matumbawe, chukua ya zinki au vaa fulana ya mikono mirefu umalize kesi. Miwani na snokeli, ule mrija wa kupumulia ukiwa umeinamisha uso majini, zinakodishwa palepale ila mi nanunua yangu, nataka niijaribu kwanza kwenye bwawa nijue kama inavuja, maana maji yakiingia puani huku umeshapita usawa wa kusimama, hutakumbuka pono wala nani. Mume wangu anasema atakodi. Tutaona.