Siku nne kwenye meli ya kitalii: uzoefu wangu, mimi mtu wa Tukuyu

“Siku ya kupanda meli usile kitu chochote, tumbo likiwa tupu hutatapika.” Hayo niliambiwa na watu watatu kabla hatujaondoka, na mmoja wao alinifuata hadi stendi kunikumbusha. Nayaweka mwanzoni kwa sababu ndiyo yaliyotaka kuniharibia safari niliyoidunduliza zaidi ya miaka miwili, na bado yananikera.

Mimi na mume wangu tunaishi Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Yeye ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mimi nalima parachichi za Hass na chai kidogo. Kwa miaka 31 mume wangu alichora bahari ubaoni kwa chaki: mkondo wa Agulhas, mkondo wa Msumbiji, pepo za kusi na kaskazi. Lakini majini hakuwahi kuingia. Kyela ipo hapo chini yetu, Ziwa Nyasa tunaliona tukishuka milima, na kila tulipokwenda Matema alisimama mchangani na viatu vyake miguuni. Watu wa umri wetu tunakumbuka Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na redio ikasoma majina siku baada ya siku. Tangu wakati ule yeye na vyombo vya majini, basi.

Kwa hiyo nilipomwambia kuwa zawadi ya ndoa yetu kutimiza miaka 30 ni safari ya meli kutoka Durban, Afrika Kusini, hadi kisiwa kimoja cha Msumbiji na kurudi, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, “Mama, kama ni kubwa kuliko sekondari yetu, nitapanda.” Nikamwonyesha picha. Meli hizi zina ghorofa zaidi ya kumi, zinachukua watu maelfu. Akakubali.

Ushauri wa pili uliotusumbua ni wa viza. Mtu mzima kabisa alituambia tutahitaji viza ya Afrika Kusini na nyingine ya Msumbiji, na tusipokuwa na barua ya mwaliko hatutafika popote. Sivyo. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na Msumbiji nako Watanzania hatukatwi viza kwa matembezi mafupi. Muhimu ni pasipoti yenye kurasa tupu na isiyokaribia kuisha muda. Ya mume wangu ilibakiza miezi minne, tukaihuisha mapema.

Meli za Durban hutoka kwenye miezi ya joto ya huko, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili. Mimi nilichagua mwisho wa Novemba kwa sababu parachichi zimeshauzwa na fedha ipo. Kwa wawili, chumba kisicho na dirisha, usiku nne, tulilipa kama milioni mbili na kidogo, kisha zikaja kodi za bandari na bima. Wapo waliotushauri kuchukua chumba cha juu kabisa mbele “ili muone vizuri”. Nilikataa, na hapo najipongeza. Meli inacheza kama ule ubao wa bembea wa watoto shuleni: anayekaa mwishoni anapanda na kushuka, aliye katikati hasogei sana. Nikaomba chumba cha ghorofa ya chini, katikati ya meli. Ndicho cha bei nafuu tena.

Safari ya basi sitaieleza, watu wa Tunduma wanaijua: Nakonde, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge, Johannesburg. Miguu ilivimba. Kurudi tulipanda ndege hadi Dar na nyingine hadi Songwe, na kama una uwezo fanya hivyo kwenda na kurudi.

Bandarini Durban mabegi yanapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Langu likawekwa pembeni. Nilikuwa nimebeba hita ya kuchemshia maji, ile ya kutumbukiza kikombeni, pamoja na majani ya chai ya Rungwe, maana sikuamini kuwa nitapata chai ya maana. Meli haziruhusu kitu chochote cha kuchemshia vyumbani, pasi wala birika la umeme, kwa hofu ya moto. Waliichukua, wakanipa karatasi, na siku ya mwisho wakanirudishia. Majani ya chai waliniachia. Maji ya moto yalikuwepo kwenye ukumbi wa chakula mchana kutwa, kwa hiyo chai ya Rungwe tuliinywa kila asubuhi, na wazee wawili wa Durban tuliokaa nao meza moja waliipenda hadi nikawaachia pakiti.

Kabla meli haijaondoka kuna zoezi la usalama, kila abiria lazima. King’ora kinalia mara saba kwa kifupi, kisha mara moja kwa kirefu, na unatakiwa kujua unakwenda wapi na jaketi la kuokolea maisha linavaliwaje. Wengi walikuwa wanapiga picha. Mume wangu hakupiga picha. Alimsikiliza yule kijana wa meli kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, kisha akanishika mkono tukarudi chumbani na kuhesabu milango kutoka kwetu hadi kwenye boti za uokozi, tukihesabu kwa sauti. Kumi na nne, halafu ngazi. Tukarudia tukiwa tumefumba macho. Alipomaliza akaniambia, “Sasa nimepanda meli.” Usilipuuze zoezi lile. Kwake yeye ndilo lililofungua safari nzima.

Sasa nirudi kwenye tumbo tupu.

Nilifuata ule ushauri. Asubuhi ya kupanda sikula, mchana sikula, na pale ukumbini bufee ilikuwa imejaa samaki, wali, nyama, matunda, mikate ya kila namna, vyote vimeshalipiwa. Nikanywa maji tu. Mume wangu, ambaye hakuambiwa na mtu, alikula sahani mbili. Saa kumi na moja jioni tukatoka bandarini, watu wanapunga mikono, muziki unapigwa juu. Kwa saa moja nilikuwa mzima. Kisha tukaingia bahari kuu.

Mume wangu akaanza kunifundisha jiografia. Mkondo wa Agulhas unashuka kusini-magharibi kandokando ya pwani ile, una nguvu na maji yake ni ya moto. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma dhidi yake, mawimbi yanasimama na kuwa mafupi na makali. Siku ile upepo ulikuwa ndio huo. Mimi nilikuwa nasikia neno moja katika matano. Ukumbi wetu wa chakula cha jioni ulikuwa nyuma kabisa ya meli, pale pa mwisho wa bembea, na harufu ya vitunguu vya kukaanga iliponifikia nikasimama bila kuaga. Nilitapika kitu ambacho hakipo, maji ya njano machungu, mara nne. Anayetapika chakula anapata nafuu. Anayetapika tumbo tupu anahisi utumbo unang’oka. Nilijilaza sakafuni bafuni nikawaza Tukuyu, mvua, na ardhi isiyosogea.

Aliyeniokoa ni binti wa Madagaska aliyekuwa anasafisha vyumba vya upande wetu. Aligonga mlango, akaniona, hakuuliza swali. Akarudi na tufaha mbili za kijani, zile chachu, na biskuti kavu za chumvi. Akanionyesha kwa mikono: kidogo, kidogo, tafuna. Nikamkatalia. Akakaa kitandani pembeni yangu akakata kipande chembamba mwenyewe akanipa kama mtu anavyomlisha mtoto. Baada ya tufaha nusu na biskuti tatu, tumbo likatulia. Nusu saa baadaye akatupandisha ghorofa ya wazi, katikati ya meli, akaniambia nitazame mstari ambapo bahari inakutana na anga, nisitazame sakafu wala simu. Kulikuwa na mwanga mdogo umebaki magharibi. Nikautazama hadi ukaisha. Sikutapika tena hadi tunarudi Durban.

Ndiyo maana nasema: kula. Kula kidogo, kikavu, mara kwa mara, na usiache tumbo tupu hata saa moja. Tangawizi nayo inasaidia. Siku zilizofuata nilikuwa na kipande mfukoni. Vidonge vipo, ila humezwa kabla hujaanza kuumwa na vingi vinaleta usingizi. Anayetumia dawa za presha kama mume wangu amuulize mfamasia kwanza.

Yule binti nilimshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, maana ndilo lililonitoka. Akalirudia kila asubuhi aliponiona. Bakshishi ya wafanyakazi wanaikata wenyewe kwa siku kwenye hesabu yako, lakini yeye nilimpa nyingine mkononi na sijuti hata senti moja.

Chumba kisicho na dirisha kina tabu yake. Ukizima taa ni giza la kaburini, hujui kama ni usiku au mchana, na mume wangu aliamka akidhani tumechelewa kila kitu kumbe ni saa nane usiku. Usiku wa pili nikagundua jambo ambalo najivunia kuliko yote. Televisheni ya chumbani ina chaneli moja inayoonyesha kamera ya mbele ya meli, bahari tu, mchana na usiku. Nikaiacha imewaka bila sauti. Usiku skrini ni nyeusi, haisumbui. Alfajiri inaanza kuwa kijivu, kisha ya waridi, kisha chumba kizima kinajaa mwanga wa jua linalochomoza kwenye Bahari ya Hindi. Tukawa na dirisha, tena la mbele kuliko la wenye vyumba vya gharama. Mume wangu alikuwa anakaa kitandani saa kumi alfajiri, kimya, anasubiri.

Jingine dogo: kuta za vyumba ni za chuma. Sumaku za kubandika kwenye friji zinashika vizuri, unatundika karatasi zako, kofia, hata nguo nyepesi. Nilibeba sita kutoka nyumbani.

Simu iwekeni kwenye hali ya ndege mara tu meli inapoondoka. Meli ina mtandao wake wa setilaiti na laini ya kawaida ikijiunga huko salio linakwisha bila wewe kupiga simu. Soda, bia na juisi za kopo havimo kwenye bei ya chakula, na kwa kuwa unalipa kwa kadi ileile inayofungua mlango, huoni fedha ikitoka. Sisi tuliweka dhamana ya randi taslimu mwanzoni tukasema ikiisha imeisha. Ilibaki kidogo. Kuhusu magauni marefu niliyoambiwa ni lazima, usiku mmoja tu watu walivaa vizuri. Mimi nilivaa kitenge nilichoshonesha Mwanjelwa, Mbeya, na wanawake wanne waliniuliza kimetoka wapi.

Siku ya tatu tulifika Ilha dos Portugueses, kisiwa kidogo jirani na Inhaca, mlangoni mwa ghuba ya Maputo. Hakuna gati pale. Meli inatia nanga mbali na watu wanashushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka nahodha anaahirisha. Hilo lijue mapema usije ukaweka moyo wote kwenye kisiwa. Siku ile bahari ilikuwa shwari. Mimi nilidhani mume wangu atabaki juu. Aliitazama boti, akatazama jaketi aliloshika, akashuka. Mchanga mweupe, maji ya kijani kibichi ambayo unaona vidole vyako. Akavua viatu. Akakunja suruali mara tatu, akaingia hadi magotini, akasimama hapo muda mrefu, mikono nyuma kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa. Kisha akainama akachota maji kwa kiganja, akaonja, akaniita.

“Mama, njoo uone. Ni ya chumvi kweli.”

Miaka 31 amefundisha kuwa bahari ni chumvi. Nilikwenda nikaonja naye.

Wiki ya pili baada ya kurudi Tukuyu, tukiwa tunapukusa mahindi barazani, aliniuliza meli ya Kyela kwenda Mbamba Bay inaondoka siku gani. Nimempigia mpwa wangu aliyeko Kyela atuulizie. Tufaha za kijani nimeshanunua Mbeya mjini.