Grafu Ambayo Mtakwimu Wetu Hakuweza Kuisoma

Kikao cha kupitisha michoro ya ripoti ya mwaka kilikuwa kikienda vizuri mpaka tulipofika kwenye grafu ya mistari iliyoonyesha mwenendo wa miradi yetu. Mtakwimu wetu, mtu makini asiyekubali tarakimu ipite bila kuikagua, aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Ndugu zangu, mstari mwekundu na wa kijani mimi naiona yote miwili kama kahawia. Sijui upi unapanda na upi unashuka." Mmoja wetu alipendekeza asomewe. Pendekezo hilo liliniuma, kwani takwimu zile alikuwa amezikokotoa yeye mwenyewe.

Alitueleza kwamba babu yake mzaa mama alikuwa na hali hiyohiyo. Upofu wa rangi nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kromosomu X, kibeba urithi ambacho mwanamume anacho kimoja tu na mwanamke viwili, ndiyo maana huwapata wanaume zaidi. Miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, hukadiriwa kuwa mwanamume 1 kati ya 12 anao. Ripoti inayosomwa na watu wengi haiwezi kuwachukulia wasomaji hao kama wageni wa nadra.

Baada ya kikao niliketi naye mbele ya kompyuta. Nyekundu na kijani tuliziondoa, tukaweka buluu iliyokoza na rangi ya chungwa iliyo nyepesi, ili mistari itofautiane kwa mwanga na giza pia, wala si kwa rangi peke yake. Mstari mmoja tuliukatakata, mwingine tukautia vipembetatu. Hatua iliyosaidia kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa kuufuta ufunguo wa pembeni unaoeleza maana ya kila rangi na kuandika jina la kila mradi mwishoni mwa mstari wake, jambo linalompunguzia kazi hata msomaji anayeona rangi zote. Kwenye jedwali la maendeleo, palipokuwa na rangi tupu tuliandika "umekamilika" au "umechelewa".

Tuliichapa grafu kwa wino mweusi pekee, nikampa karatasi. Aliisoma mfululizo, mstari kwa mstari, kisha akaweka kidole kwenye nukta ya mwezi wa Agosti. "Tarakimu hii siyo niliyoitoa mimi," alisema. Tulilinganisha na hesabu zake, tukakuta nukta imewekwa pasipo pake, tukairekebisha kabla ripoti haijapelekwa kiwanda cha uchapaji.