Klachi ikiteleza, usikimbilie kukaza kebo

Bukavu, mji wetu wa milima mashariki mwa Kongo, haina huruma na klachi. Chukua safari ya kawaida tu: unatoka Nguba kule karibu na ziwa, unapandisha Kadutu, abiria nyuma, mfuko wa unga juu ya tangi. Mbele lori limekwama. Breki ipo, lakini motari wetu, yule dereva wa pikipiki ya abiria, hatumii breki. Anaishikilia pikipiki mlimani kwa klachi nusu, injini ikinguruma, huku akibishana bei na abiria. Akifanya hivyo kutwa nzima, disiki za klachi, zile sahani zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, zitaacha kuungua kwa sababu gani?

Yangu ni 125 ya Kichina, injini yake ni ya muundo wa Honda CG, na kazi yake kubwa ni kunifikisha shuleni Bagira. Kwenye tambarare haikuwa na neno. Nikishapita Brasserie, kiwanda cha bia, na kuanza kupanda, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Jirani yangu, kijana anayebeba abiria, aliizungusha mara moja akarudi na jibu: "Mwalimu, ambreyaji inateleza iyo. Leta funguo kumi tukaze kable." Yaani klachi inateleza, tukaze kebo yake.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kebo ya klachi kazi yake ni kuachanisha disiki, siyo kuzibana. Zinazobana ni springi zilizoko ndani. Ukikaza kebo, ni kama umeacha vidole viwili juu ya mkono wa klachi siku nzima, na disiki hazibanwi sawasawa tena. Isitoshe, disiki zikiisha unene, ule ulegevu wa mkono wa klachi hupungua wenyewe mpaka unakwisha. Kwa hiyo pikipiki inayoteleza mara nyingi tayari kebo yake imebana mno, na sisi tunaiongezea.

Kwanza nilitaka uhakika. Nilitafuta barabara iliyo tupu, nikaweka gia ya nne kwenye mwendo wa kama 40 kwa saa, nikavuta eksileta yote kwa ghafla. Klachi nzima itafanya injini ivute kwa uzito, polepole, kwa kuwa gia ni kubwa. Injini yangu ilipandisha kelele ghafla, na pikipiki ikabaki na mwendo wake uleule. Basi, klachi inateleza kweli.

Nikapima ulegevu kwenye ncha ya mkono wa klachi. Inatakiwa uchezecheze milimita 10 hadi 20 kabla kebo haijaanza kuvuta. Wangu haukucheza hata kidogo. Nililegeza, nikapanda mlima, ikapata nafuu lakini haikupona. Kitu cha pili ni oili, maana kwenye pikipiki hizi disiki za klachi zinaogelea katika oili ileile ya injini. Oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano huweza kuzifanya ziteleze, hata zikiwa mpya. Kwenye kopo tafuta alama ya JASO MA au MA2, yaani oili inayofaa klachi za namna hii. Kopo langu lilikuwa na MA, lakini oili niliyoimwaga ilitoka nyeusi, na ilinuka kuungua. Hapo hakuna ujanja, ni kufungua.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Nilitoa kiki, kikanyagio cha mguu na kebo, kisha bolti za mfuniko wa kulia. Urefu wa bolti hizo haulingani, kwa hiyo nilichora mfuniko kwenye katoni na kuchomeka kila bolti mahali pake. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya mfuniko na injini, ilichanika nusu, nusu ikabaki imeng'ang'ania chuma. Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda: wembe, petroli kidogo kwenye kitambaa, kukwangua taratibu bila kuchimba alumini, na kuziba ndani kwa tambara safi ili uchafu usidondoke. Kijana alinimulika kwa tochi ya simu, akisema huko kwao gereji wangeshapaka silikoni na kufunga. Najua. Na najua zinavyovuja pia.

Bolti nne za springi nilizilegeza kwa kupishanisha, kila moja kidogo kidogo, halafu nikatoa pete ya kufungia kwa koleo la kuazima. Disiki zikatoka, za aina mbili zilizopishana: zenye msuguano na za chuma. Zenye msuguano huwa na unene wa milimita 2.9 hadi 3.0 zikiwa mpya, zikifika 2.6 ni za kutupa. Zangu zilisoma 2.4, na moja ilikuwa inang'aa kama imepigwa rangi. Zile za chuma nilizilaza moja moja juu ya kioo cha dirisha: mbili zilikuwa na madoa ya bluu ya joto, na moja ilipogongwa kwa kidole ilichezacheza. Nilibadilisha zote pamoja na springi, kwa sababu springi iliyokwisha kupikwa haibani tena hata ukiitazama unaiona nzima. Disiki mpya nikaziloweka kwenye oili safi usiku kucha kabla ya kuzipanga. Ukizifunga kavu, zinaanza kuungua siku ya kwanza.

Nikishafunga, nilipanga kebo upya kutoka mwanzo, kwa sababu disiki nene zilikuwa zimeilegeza. Sasa Bagira naipanda gia ya pili bila makelele.

Jumapili kijana akaleta yake, nayo inateleza. Mkono wa klachi ulikuwa mgumu tangu mwanzo wa kuuvuta, hauna hata milimita moja ya kucheza. Alikuwa ameshaukaza mwenyewe. Tulilegeza nati ya kebo, tukaipandisha mlimani. Ikashika. Hakununua kitu.