Kitale, mji wa kwenye pakiti ya mbegu

Kitale niliijua kwanza kwenye pakiti ya mbegu. Mamangu ana shamba la ekari moja na nusu nje kidogo ya Kilifi, na kila masika yakikaribia hununua PH4, mbegu ya mahindi iliyotengenezwa kwa ajili ya joto la Pwani. Akishapanda, pakiti haitupi. Huichomeka darini jikoni, kati ya makuti na pau, na utotoni nilizisoma zile pakiti kwa kukosa kitabu: Kenya Seed Company, Kitale. Kwangu Kitale haikuwa mji wenye watu. Ilikuwa ghala kubwa mahali fulani bara, linalotema mbegu.

Kwa hiyo mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, aliponiambia, "Mwaka huu twende shoo ya kwetu," yaani maonyesho ya kilimo ya Kitale, sikungoja aniambie mara ya pili.

Treni ya mchana ilitufikisha Nairobi. Asubuhi yake tukapanda matatu, na kutoka hapo ni kama kilomita 380 za kupanda, kushuka na kupanda tena. Timboroa baridi iliniingia mpaka kwenye meno. Eldoret tulinunua mahindi ya kuchoma, na mwenzangu akanieleza kwa nini wazee wanaiita Sisibo: mji ulianzia kwenye shamba lililopimwa na kupewa namba 64, na "sixty-four" ikalainishwa na ndimi za wenyeji. Tukapita Soy, tukapita Moi's Bridge, ambayo enzi za walowezi iliitwa Hoey's Bridge. Tangu hapo sikuona tena kitu ila mahindi. Mengine yalikuwa yamesimama makavu, mengine yamekatwa na mabua yake kuegemezwa pamoja kama vibanda vidogo vya watoto. Mengine yameanikwa juu ya turubai ukingoni mwa lami, mama mmoja akiyageuza kwa mguu huku anaongea na simu.

Nyumbani kwa mwenzangu, babake alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha mbao. Nikainama: "Shikamoo, mzee."

"Mulembe!" akajibu kwa Kibukusu, kisha akacheka. "Hiyo yenu ya pwani mimi naisikia kwa redio tu." Halafu akanitazama miguuni, kwenye makubazi yangu ya ngozi niliyoyanunua Mombasa. "Lakini wewe Mswahili, hii viatu yako itakufa kesho."

Kwetu "hii viatu" ingechekwa darasani. Lakini mzee alisema kweli. Kesho yake asubuhi, hata kabla hatujafika langoni, kubazi la kushoto lilikuwa limekwama kwenye tope na mimi nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nikaazimwa buti za mpira za saizi isiyo yangu, na ndizo nilizotembelea siku nzima.

Maonyesho haya huandaliwa na chama cha kilimo ambacho Wakenya wote wanakiita ASK. Kina umri mkubwa kuliko Kenya yenyewe: kilianzishwa 1901, nchi ikiitwa bado Himaya ya Afrika Mashariki, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia walowezi wa Kizungu washike ardhi na kilimo kiwalipe. Leo kina shoo karibu kila pembe ya nchi, Mombasa ikiwamo, na mimi nimekulia kwenye ile ya Mombasa. Nikiri tu kwamba kwetu shoo ni matembezi. Mtu huenda kupanda bembea, kula viazi karai, kupotezana na wenzake na kutafutwa kwa kipaza sauti. Ng'ombe tuliwatazama kama watu watazamavyo simba.

Kitale watu huja na kalamu. Niliona wazee wamechuchumaa mbele ya fahali wa Friesian wakibishana kuhusu kwato zake. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alimkalia kooni kijana aliyekuwa anauza mashine ya kupukuchua mahindi, akitaka kujua inakunywa mafuta kiasi gani kwa magunia mia, na yule kijana alipojaribu kumpa kijikaratasi chenye picha akakirudisha. Bembea zilikuwepo, na bendi, na watu wa Magereza na viti vyao vya mbao ambavyo kila shoo ya Kenya lazima viwepo, na vijana wa pikipiki wamekaa juu ya ukuta wakila miwa. Lakini umati mkubwa ulikuwa kwenye vipande vya shamba la mfano. Kila aina ya mahindi ilipandwa miezi mingi kabla, ikawekewa kibao, na sasa imesimama kwenye mistari iliyonyooka kama gwaride.

Hapo ndipo nilipopoteza nusu siku. Msichana aliyekuwa akihudumu alidhani nataka kununua, akanifundisha kila kitu, na nilipomwambia natoka Kilifi hakukatishwa tamaa hata kidogo.

Kampuni yenyewe, ile Kenya Seed ya kwenye pakiti, ilianza 1956, tena si kwa mahindi bali kwa mbegu za nyasi za malisho. Utafiti wa mahindi ulikuwa umeanza mwaka mmoja nyuma yake, hapa hapa Kitale. Mahindi meupe ya walowezi, yenye asili ya Afrika Kusini, yalichaguliwa na kusafishwa mpaka ikapatikana aina iliyoitwa Kitale Synthetic II. Kisha ikaletwa mbegu kutoka Amerika ya Kusini, Ecuador 573, mgeni kabisa, nao wawili wakaozeshwa. Mtoto wao ni H611, aliyetoka 1964, mwaka ule ule Kenya ilipokuwa jamhuri. Wazao wake waliofuata, kama H614, ndio wanaoishi kwenye vinywa vya wakulima wa huku. Mtu hasemi amepanda mahindi, anasema amepanda "siksi-wan-foo".

"Na nikipanda tena punje za mavuno yangu?" nikamuuliza, kwa kuwa hilo ndilo swali la mamangu la kila mwaka.

"Utavuna, lakini hayatakuwa yale." Nguvu ya chotara, akaeleza, iko kwa mtoto wa kwanza wa wazazi wawili walio mbalimbali. Wajukuu hurudi nyuma: huyu mrefu, yule mfupi, huyu bunzi zima, yule nusu. Kwa hiyo kila mwaka mkulima hurudi dukani, kilo 10 kwa ekari. Aliongea bila kuficha, na mimi nikaona mara moja kwa nini mama huzitunza zile pakiti. Ni kumbukumbu za malipo.

Pale kando ya H614 ilikuwepo hata ndugu yetu PH4, katikati ya ubaridi, amedumaa na majani ya manjano. Nilimwonea huruma kama mtu wa kwetu niliyemkuta ugenini bila koti.

Mzee tulimkuta uwanja wa mifugo. Amekaa peke yake. Mwenzangu alikuwa amenidokeza kwamba baba huja kila mwaka na hukaa pale pale, nami nikamuuliza kwa nini.

"Babangu alikuwa akileta fahali hapa," alisema. "Fahali ya mzungu. Kutoka shamba mpaka hapa anatembea na yeye usiku, ameshika kamba, ndio asichoke kwa lori. Ikashinda. Utepe akavalishwa fahali, kikombe akachukua mzungu." Akanyamaza kidogo. "Baba akapewa sukari."

Trans Nzoia yote, enzi hizo, ilikuwa ndani ya nyanda zilizotengwa kwa Wazungu. Mwafrika aliruhusiwa kulima humo kama kibarua, wala hakuruhusiwa kumiliki. Familia ya mzee ilipata ekari zake baada ya uhuru, kwa kuchanga na majirani.

Saa nane mvua ikashuka, ile ya mlimani isiyo na mzaha, na shoo ikageuka kidimbwi. Tukarudi.

Siku iliyofuata nilitaka kurudi uwanjani. Mzee akasema hapana, kuna mahali pengine, naye atakuja. Tukaenda makumbusho, kandokando ya barabara ya Eldoret.

Nitasema ukweli, chumba cha kwanza hakikunivutia. Makumbusho haya ni urithi wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa na uchu wa kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Mwaka 1926, mwaka ambao reli nayo ilifika Kitale, alifungua makumbusho yake ya binafsi. Alipofariki 1966 aliacha wasia: mkusanyo pamoja na fedha za kujengea jengo. Likafunguliwa Desemba 1974, makumbusho ya kwanza ya mkoani kujengwa bara. Kwa hiyo unaingia na kukutana na vipepeo wamechomwa pini safu kwa safu, na wanyama waliokaushwa, wengine wameshonwa vibaya kiasi kwamba hujui wanacheka au wanaumwa.

Mzee alivipita bila kugeuza shingo. Alikuwa anaelekea kwenye vyombo.

Na hapo mtu aliyekuwa mkimya siku mbili akafunguka. Kigoda cha Waturkana, ambacho mchana hukaliwa na usiku hulaliwa kichwa, akaonyesha jinsi kinavyoshikwa ukitembea. Mbele ya vibuyu vya maziwa alinihadithia mkaa unaosuguliwa ndani kabla ya maziwa kulazwa. Mzinga wa nyuki niliutambua mimi, maana wetu ni ule ule, gogo lililotobolewa, na kwa mara ya kwanza safarini nikawa na la kusema. Nje, kwenye mabanda ya jadi, alisimama muda mrefu mbele ya ghala dogo la fito lenye paa la nyasi.

"Hii ni ya wimbi," akasema.

Kabla ya mahindi, akaendelea, ugali wa hapa ulikuwa wimbi. Mweusi, mzito, ukila asubuhi unafika jioni. Wimbi ukilihifadhi vizuri linakaa miaka na fukusi halioni njia. Mahindi, ukichelewa kukausha wiki moja, ukungu umeingia na gunia zima ni sumu. Mamake alikuwa na mbegu zake ndani ya kibuyu, na hakuwahi kwenda dukani.

"Sasa kwa nini mliliacha?" nikauliza.

"Mzungu hakununua wimbi," akasema, kama mtu anayejibu swali la mtoto. "Na ndege wanalipenda. Na kupalilia, weh! Mgongo. Mahindi inakupa gunia ishirini, thelathini, unalipa karo. Wewe ungefanya nini?"

Nilifikiria jina lenyewe. Sisi wa pwani tuliliita zao hili mahindi, kana kwamba lilitoka India, kwa sababu tu lilikuja na merikebu. Asili yake ni Amerika. Halafu likazunguka Afrika Kusini, likaja Kitale, likaozwa na binamu yake wa Ecuador, likarudi Kilifi kwenye pakiti, na mamangu analiita chakula cha mababu.

Tulipumzika kwenye njia ya msituni nyuma ya makumbusho, kijito kikipita chini ya miti mikubwa. Mzee aliuliza kama najua habari za kale za mji huu. Husimuliwa kwamba Kitale kilikuwa kituo cha misafara ya watumwa, na kwamba klabu ya walowezi ilijengwa palipokuwa soko lao. Mumias nayo, upande wa kusini, ikiitwa Kwa Sundu, ilikuwa kambi ya misafara kutoka pwani. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, aliipitia 1883 alipokuwa akielekea mapango ya Mlima Elgon.

"Watu wenu walipita hapa mapema kuliko mzungu," akasema.

"Walipita, mzee."

"Walikuwa wanatafuta nini?"

"Pembe," nikasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ananitazama na hakuondoa macho: "Na watu."

Akatikisa kichwa, akainuka, akanishika mkono pale penye mteremko wa utelezi, kwa sababu ya zile buti.

Siku ya kuondoka mkewe alinifungia kilo mbili za wimbi ndani ya mfuko wa nailoni, nimpelekee mama. Matatu ilikuwa imeshavuka Moi's Bridge nilipompigia simu. Nilimwelezea shoo, nikamwelezea fahali na kibuyu cha mbegu, nikamwambia nimeiona PH4 yake imenyauka kwa baridi. Alisikiliza yote kwa subira.

"Hewalla," akasema. "Na bei ya mbegu huko kwao je? Pakiti ya kilo mbili?"

Sikuwa nimeuliza.