Nilivyopita ukaguzi wa uwanja wa ndege na Mama mwenye chuma mguuni

Mama yangu ana chuma kwenye paja. Aliteleza uani wakati wa masika, akavunjika, akapasuliwa na kuungwa, na tangu hapo anatembea na mkongojo. Dada yangu wa Muscat alipokaribia kujifungua, Mama akasema anakwenda kumlea mzazi, mguu upende usipende. Viza na tiketi havikutupa tabu. Kilichomnyima usingizi ni maneno aliyoyaokota msibani Ngamiani, Tanga: eti uwanja wa ndege unavuliwa buibui mbele za watu, na eti ule mlango unaolia una mionzi ya kukichoma chuma kilicho mwilini.

La mionzi nilianza nalo. Ule mlango si eksirei. Una sumaku ya umeme. Chuma kikipita kinaivuruga, nao unalia, basi. Eksirei ni ile mashine ya mizigo yenye mapazia ya mpira, na humo mtu hapiti. Mwenye betri ya moyo ndiye anayepaswa kumwambia mkaguzi kabla ya kusogea. Mwenye chuma cha mfupa, mlango utamlilia tu, kisha atapapaswa kwa mkono.

La buibui likatuchukua muda zaidi, maana hapo hofu yake ilikuwa ya haki. Nilimweleza kwamba mwanamke hukaguliwa na mwanamke, na kwamba anaweza kuomba chumba cha pembeni, nami niingie naye. Ila ombi hilo litolewe mapema, ungali kwenye foleni. Ukingoja mpaka mlango ulie, watu wote wameshageuka kukutazama, na hapo hata sauti ya kuomba haitoki.

Siku chache kabla ya safari nilitandaza masinia sebuleni, tukafanya ukaguzi wetu wenyewe. Mkoba wa Mama ulitoa pini za mtandio, funguo za makabati yote ya nyumba, mkasi, kisu cha kumenyea maembe, na chupa ya nusu lita ya mafuta ya nazi. Pini nikazibadilisha kwa mtandio wa kuvaa kichwani moja kwa moja. Kisu na mkasi vikaenda begi kubwa. Kwenye mafuta ndipo tulipobishana.

Masharti ya vimiminika yalianza Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipozima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vya kufichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo, kwenye safari nyingi za kimataifa, kila chombo cha begi la mkononi kisizidi mililita 100, na vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo; chupa ya mililita 200 iliyobaki robo haipiti. Mama akainua chupa yake. Ilikuwa Juni, kusi inavuma, na mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. "Haya si maji, mwanangu. Tazama, jiwe!" Nikamwambia kwa wakaguzi mafuta ni mafuta, yameganda au yameyeyuka, na achari na samli ziko kundi hilohilo. Akanuna, lakini akayatoa.

Huo mfuko wenyewe usikutie hofu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini ile midogo ya zipu ya kutilia vipodozi vya msafiri iliruhusiwa.

Dada alikuwa ameagiza mbuzi ya kukunia nazi. Niliyafunga meno yake kwa kanga kuukuu, safu juu ya safu, nikailaza katikati ya begi kubwa. Pawabenki ni kinyume chake: hiyo hukaa mkononi, marufuku kwenye begi la kupakiwa chini.

Insulini ya Mama, dawa yake ya sukari, ndiyo niliyoilinda kuliko pasipoti. Haiendi begi kubwa kabisa, kwa sababu ikiganda kwa baridi ya huko chini imeharibika. Tuliibeba mkononi pamoja na sindano zake, na barua ya daktari kwa Kiingereza, jina likiwa sawasawa na la pasipoti. Barua hiyohiyo ilitaja na chuma cha paja. Haimwondolei mtu kukaguliwa, inapunguza maelezo tu.

Dar es Salaam, kwenye Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, mizigo hupita kwenye mashine mlangoni kabisa, kisha kuna ukaguzi mwingine kabla ya kwenda kwenye ndege. Tulikuwa tumeomba kiti cha magurudumu. Nilipomweleza binti mkaguzi, alimwinamia Mama. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Akatupeleka pembeni, akavaa glavu mpya mbele yetu, na kila alipotaka kugusa alisema kwanza: sasa mabega, sasa kiuno, sasa mguu wenye chuma. Mtandio aliupapasa juu kwa juu, hakuuvua. Kisha akachukua kipande cha kitambaa, akakipitisha kwenye viganja vya Mama vyenye hina na kwenye mikono ya kiti, akakitia kwenye mashine ndogo. Inatafuta chembe za vilipuzi. Mama alitazama kwa makini sana.

"Sukari ngapi?" akauliza.

Binti alicheka mpaka akashika meza. "Iko sawa, bibi."

Mkongojo ndio uliotuchelewesha. Ulirudishwa kwenye eksirei mara ya pili, nadhani kwa sababu una uwazi ndani. Tulipokabidhiwa, nilihesabu vitu vyetu vyote kwenye trei, na Mama akaanza kuuliza chai inauzwa wapi.