Kabla ya kulipia VPN, uliza wana nini cha kukabidhi

Wengi wakichagua VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva (kompyuta) zake ili kuficha ulipo, huangalia kwanza bendera ya nchi ilikosajiliwa: Uswisi, Panama, Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Nchi ina uzito wake, lakini cha kutangulia ni kile ambacho kampuni itakuwa nacho siku polisi wakibisha hodi.

Mwaka 2017 kampuni ya PureVPN, iliyokuwa na makao Hong Kong na ikitangaza kwamba haiweki kumbukumbu za matumizi ya wateja, iliisaidia FBI katika kesi ya unyanyasaji wa mtandaoni. Rekodi zake zilionyesha mteja mmoja akiingia kutoka anwani mbili za IP, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa intaneti: ya nyumbani kwa mtuhumiwa na ya kazini kwake. Tovuti alizotembelea hazikuhitajika. Aliyefanya maovu akamatwe, sina neno na hilo. Ila mteja aliyeambiwa hakuna rekodi alidanganywa.

Sasa tazama Mullvad ya Sweden, nchi iliyomo kwenye ule ushirikiano wa kijasusi wa nchi 14, uitwao Macho 14, ambao watu huambiwa waukimbie. Tarehe 18 Aprili 2023 polisi walifika ofisini Gothenburg na kibali cha upekuzi, wakitaka kompyuta zenye data za wateja. Waliondoka mikono mitupu. Akaunti pale ni namba ya tarakimu 16, bila jina wala barua pepe, na unaweza kulipa kwa noti ndani ya bahasha. Ukilipa kwa kadi, jina lako linabaki kwenye muamala.

Kwa hiyo soma sera ya faragha. Ukikuta wanahifadhi IP yako au saa ulizoingia na kutoka, achana nao. Wakijisifu kwa ukaguzi, angalia ni wa mwaka gani, na kama seva zilikaguliwa au programu ya simu tu.

Upande wa sheria, uliza kama nchi inalazimisha kuhifadhi data. India iliamuru hivyo Aprili 2022, kwa miaka 5, na kampuni kadhaa zikaondoa seva zake huko. Sheria ya ulipo wewe pia inakuhusu: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN Tanzania watoe taarifa zao, IP ikiwemo.

Ukishaiweka kwenye Android, nenda mipangilio ya VPN, iwashe ibaki hewani muda wote, na uzuie muunganisho wowote usiopitia humo. Bila hivyo, VPN ikikatika kidogo tu, simu inaweza kurudi kwenye IP yako halisi bila kukuambia.