Roadranger ikigoma gia, anza na klachi na upepo

Lori ninaloliendesha na kulihudumia hapa Tanga ni Freightliner la zamani lenye giaboksi ya Eaton Fuller ya gia 10, hii tunayoiita Roadranger. Linabeba mawe na saruji upande wa Pongwe, machungwa ya Muheza msimu wake ukifika, na mara nyingine mzigo wa kupandisha Lushoto. Boksi yake sijawahi kuishusha. Malalamiko mengi yanayopelekwa gereji, mara gia inakwaruza, mara inagoma kuingia, mara inachelewa kupanda, hayatoki ndani ya boksi. Yanatoka kwenye klachi, kwenye upepo (hewa ya mgandamizo inayobadilisha boksi kati ya gia za chini na za juu) au kwenye oili. Fundi anayekimbilia kushusha boksi kabla ya kupima hivyo vitatu anafanya mazoezi kwa pesa yako.

Kwanza uendeshaji, maana sehemu ya mbele ya boksi hii, yenye gia za kuingizwa kwa kirungu, haina sinkronaiza. Hakuna kitu humo kinachosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijakutana. Kazi hiyo ni ya mguu wako. Kila gia inakanyagiwa klachi mara mbili: kanyaga nusu, toa gia iwe nyutro, achia klachi, ngoja resi ishuke, kanyaga tena, ingiza. Pengo kati ya gia moja na inayofuata ni karibu mizunguko 400 ya injini kwa dakika. Ukitoa gia kwenye 1,500, inayofuata itaingia yenyewe saa ya resi ikisoma karibu 1,100. Unaposhuka gia ni kinyume chake: toa kwenye 1,100, achia klachi ukiwa nyutro, piga mafuta hadi 1,500, kanyaga, ingiza. Asiyeachia klachi pale nyutro hajasawazisha chochote, analazimisha tu, na yale meno yanayoshikana yanalika ncha. Meno yakishalika ncha gia huanza kuchomoka yenyewe ukiwa na mzigo. Hapo ndipo boksi inafunguliwa kweli.

Kutoka gia ya 5 kwenda ya 6, inua swichi ya kwenye kirungu ukiwa bado ndani ya gia ya 5, halafu ndipo utoe. Upepo unabadilisha sehemu ya nyuma ya boksi wakati kirungu kinapita nyutro. Kushuka ni hivyo hivyo, bonyeza swichi chini ukiwa bado ndani ya 6. Usiiguse gari likiwa linatembea na kirungu kiko nyutro, wala usiiteremshe mwendo ukiwa mkubwa. Sinkronaiza pekee ya boksi hii iko huko nyuma, na inaungua kwa mchezo huo.

Mteremko wa Lushoto kuja Soni hadi Mombo unachaguliwa gia kabla ya kuuingia. Ukishaanza kuteremka na mzigo ukatoa gia, resi ya kuirudisha huipati, na unabaki na breki za magurudumu peke yake kwenye kona zile. Wanaoachia gia ili kubana mafuta wana hesabu zao, mimi simo.

Sasa klachi. Nyingi za malori haya ni za kuvuta: rilizi beringi, yaani beringi inayoiachia klachi, inavutwa kuelekea kwenye boksi, na mbele ya boksi kuna breki ya klachi, sahani nyembamba inayosimamisha shafti ya kuingilia ili gia ya 1 au riva iingie bila kelele gari likiwa limesimama. Breki hiyo inafanya kazi kwenye sentimita 2.5 za mwisho za pedali. Kwa hiyo ukiwa unatembea usikanyage hadi sakafuni kamwe. Vijana wengi wamezoea Fuso, wanakanyaga yote, na masikio mawili ya ile sahani yanakatika. Baada ya hapo gia ya 1 inakwaruza kila unapoanza safari na boksi inasingiziwa.

Kadiri klachi pleti zinavyolika, beringi inasogea upande wa injini. Nafasi kati yake na breki ya klachi inaongezeka na mchezo wa pedali unapungua. Vipimo ni hivi: milimita 13 kati ya beringi na breki ya klachi pedali ikiwa juu, na milimita 3 kati ya uma unaoivuta beringi na beringi yenyewe. Nafungua kifuniko cha chini ya hausing ya klachi, injini imezimwa na magurudumu yamewekewa vigingi, napima kwa mashina ya biti za drili, moja ya 13 na moja ya 3. Ile 13 inarekebishwa kwa pete iliyo ndani ya klachi yenyewe: toa boliti ya kibanio, utingo akanyage pedali na kuishikilia, zungusha pete matundu machache, aachie, pima tena. Ikishakaa sawa ndipo ile 3 irekebishwe kwenye fimbo za nje zinazotoka kwenye pedali. Kosa la kila siku ni kukimbilia fimbo za nje kwa sababu ndizo zinazofikika. Pedali inapata mchezo wake wa sentimita 4 hadi 5, dereva anaridhika, na klachi haiachii vizuri. Mkiwa chini hapo, pigeni grisi kwenye beringi hadi itokeze nyuma yake.

Upepo kwa mwambao huu unataka macho. Hewa ina unyevu na chumvi, kwa hiyo matangi ya upepo nayamwaga maji kila jioni, la sivyo maji yanafika kwenye vali ya giaboksi na kuiozesha. Boksi ina regyuleta yake ndogo yenye chujio, inayodhibiti presha ya upepo. Inatakiwa kutoa karibu psi 60. Ikiwa chini ya hapo, swichi inachelewa, na unaweza kujikuta huna gia yoyote ingawa kirungu kimeingia. Paka povu la sabuni kwenye mipira midogo ya plastiki inayopitisha upepo na viungio vyake, kirungu kikiwa nyutro, swichi ikiwa juu kisha chini.

Kuna moja inayochanganya mafundi. Oringi (pete ya mpira) ya shafti ndani ya silinda ya upepo ya nyuma ikivuja, upepo unaingia ndani ya boksi na kusukuma oili nje kupitia brida, kitundu cha kupumulia boksi, na sili ya nyuma. Watu wanabadilisha sili, na sili mpya inavuja vilevile. Fungua brida injini ikinguruma: ikipuliza mfululizo, tafuta oringi, sili iache.

Oili ni SAE 50 ya kawaida, ya injini ya dizeli au ya giaboksi, isiyo na dawa za mgandamizo mkali. Ile GL-5 ya difu isiingie humu, na usichanganye aina mbili. Inachukua takribani lita 13, lakini kipimo halisi ni tundu la pembeni: gari mahali tambarare, oili iwe sawa na ukingo wa tundu. Kuigusa kwa ncha ya kidole huko ndani hakutoshi. Ikizidi inatoa povu na kuchemka. Unapomwaga, imwage ikiwa ya moto na uangalie sumaku ya nati ya chini. Tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vyenye umbo, hata kimoja, vina maana kuna jino au beringi imeshakwenda.

Na ikibidi kufunguliwa, tafuta anayejua kwamba ndani mna lei shafti mbili, yaani shafti za gia za pembeni, na meno yenye alama lazima yakutane pande zote mbili yanapofungwa. Ikipishana jino moja, boksi haizunguki, au inazunguka na kuvunjika.

Lori likizima njiani na kuvutwa hadi mjini, toa kwanza propela shafti au ekseli. Magurudumu yakiizungusha boksi injini ikiwa imezimwa, lei shafti hazizunguki, oili hairushwi juu, na gia za juu zinasagana kavu kuanzia Segera hadi Kange.